Jumatano Niliyokalia Maji

Nilikuwa nimekalia maji ya watu mia moja na ishirini, na nilikuwa nimekaa nikaenea. Chini yangu kifuniko cha chuma, chini ya kifuniko valvu ya mfereji wa ploti, na mbele ya magoti yangu karai la plastiki lenye koti jeupe la mkaza mwanangu, limelala kifudifudi kama mgonjwa anayesubiri daktari. Nzuki, msimamizi wa ploti, alinisimamia na spana mkononi. Nyuma yake alisimama kaka yangu Wanyonyi, mgongo amenigeuzia, kwa kuwa mila ilikataza macho yake yaone nilichokuwa nikikishika.

"Saa kumi, Mzee Makokha," Nzuki akasema. "Inuka nifunge maji."

"Funga. Nani amekushika mkono?"

"Si umekalia valvu!"

"Basi nifunge na mimi."

Watu husema natia chumvi. Ni kweli, sikatai. Mwaka ule wa mafuriko niliwaambia kwamba nilitoka Gikomba hadi Makadara nikiwa juu ya kabati nililoliunda kwa mikono yangu, naelea, milango imefungwa, na nguo zilizokuwa ndani zikafika kavu hata harufu ya pasi haijatoka. Kabati lilikuwa dogo kidogo kuliko ninavyolisimulia, na safari nayo ilikuwa fupi. Lakini habari ya koti sikuitia chumvi. Ilikuja na chumvi yake.

Ploti yetu ina vyumba thelathini vilivyozunguka uwanja mmoja, na uwanja una mfereji mmoja. Maji huja Jumatano, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, basi. Jumatano kwetu si siku ya wiki, ni harusi ya ndoo. Ukipitwa na Jumatano utaoga kwa kikombe na kufua kwa matumaini hadi ije nyingine.

Mitchelle, mke wa mwanangu Sylvance, alikuwa akipitwa na kila Jumatano. Hufungasha biskuti katika kiwanda kimoja kule eneo la viwanda. Hutoka saa kumi na moja alfajiri, hurudi saa kumi na mbili na nusu jioni, na miguu imevimba kama mandazi. Sylvance naye huendesha lori la mizigo hadi Juba. Mwanangu ni kama mwezi mwandamo: husubiriwa na wengi, huonekana kidogo, hutoweka. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa Mitchelle, mimi, Tiffany wa darasa la tatu, na mdogo wake wa miaka miwili, ambaye mchana hushinda kwa mama mmoja anayelea watoto nyumba ya nyuma, na usiku hugeuza godoro kuwa ziwa.

Nguo za nyumba ile hazikuchafuka, zilizaana. Ulilala umeacha rundo moja kwenye kona, ukaamka ukalikuta limeoa. Sare za shule, shuka za mtoto, suruali zangu, taulo, soksi zisizo na wenzao. Zamani Amondi alikuwa akitufulia, mwanamke mwenye mikono ya mabondia, hadi alipopata kazi ya upishi shuleni akaenda zake na baraka zetu. Baada yake Mitchelle akawa anafua Jumapili kwa maji tuliyoyahifadhi kwenye mitungi. Karai moja, watu wanne. Maji yaleyale yalianza na nyeupe, yakapita kwenye sare, yakamalizia kwenye kitambaa cha kupangusia sakafu, na yalipomwagwa yalikuwa mazito ya kutosha kupandia sukuma wiki.

Kiwandani kwao kila Alhamisi asubuhi huwa kuna ukaguzi wa makoti. Anayefungasha chakula avae koti jeupe, safi, kavu. Alikuwa nayo mawili, moja mwilini na moja kwenye rundo. Akapata barua ya onyo ya kwanza kwa doa la maharagwe kwenye mkono, alilopakwa na mtoto akimuaga. Akapata ya pili kwa sababu Alhamisi iliyofuata alivaa koti ambalo halijakauka, likanuka uvundo. Barua ya tatu haipo. Ya tatu ni lango.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa kitini. Fundi seremala mstaafu, viganja viwili vizima, mchana kutwa bila shughuli isipokuwa kubishana na redio. Ungeniuliza kwa nini sikushika hata soksi ningekujibu kwa kifua mbele: mila. Kwetu sisi Wabukusu, baba mkwe na mkaza mwana huishi kama vyuma viwili vya reli, safari moja, kituo kimoja, bila kugusana. Simpi mkono. Nakohoa kabla ya kuingia sebuleni. Maneno mazito hunifikia kupitia kwa mtoto. Nguo zake sizigusi wala sizitazami, na kwa ajili yangu, miaka sita tangu nihamie kwao, alizianika chumbani nyuma ya pazia, zikakauka kwa aibu badala ya jua.

Jumanne ile jioni alikaa kwenye kigoda, barua ya pili mapajani, akasema, "Tiffany, mwambie babu nimeomba ruhusa ya kesho nije nifue. Wamekataa."

Tiffany akanigeukia, mita moja tu, akatangaza kama mtangazaji wa mpira, "Babu, Mama anasema wamekataa."

Nilienda kulala nikiyatazama mabati ya paa, na kabla ya usingizi kunichukua nilikuwa nimeshapata ujanja. Mila ilisema mkono. Mila haikusema mti.

Asubuhi nikachukua kipande cha mkaratusi kilichobaki kutoka siku zangu za Gikomba, nikakiranda kikawa mwiko mrefu kama kasia. Nikaweka pipa uwanjani, nikachota maji, nikatia sabuni. Kwa ncha ya ule mti nikaliopoa rundo zima kutoka kona ya nyumba hadi ndani ya pipa, koti likiwemo. Mkono wangu haukugusa. Lakini jicho? Jicho nalo lilikuwa na mila yake. Basi nikalipa pipa mgongo, nikautazama ukuta wa choo, nikaanza kukoroga kwa nyuma.

Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mfereji walisahau ndoo zao.

"Niaje mzee!" Nzuki akaniita. "Leo unasonga ugali ya nani?"

"Ya mama yako. Ameniambia unakula sana."

Wakacheka, na simu zikatolewa mifukoni. Nilikoroga saa nzima kwa fahari. Nilijiona nimewashinda wote: kiwanda, mila, na Jumatano yenyewe. Sauti ya Ruqiyo ndiyo iliyonishusha. Ruqiyo ni jirani yangu wa mlango wa tatu, huuza mitumba kwa jumla pale Gikomba, na hakuna kitambaa duniani ambacho hajakitoa kwenye robota.

"Mzee Makokha," akasema, "hiyo ni keki ya harusi?"

"Keki gani?"

"Geuka uone, wallahi."

Nikageuka. Koti lilikuwa limeelea juu, limetanua mikono, rangi ya waridi toka kola hadi pindo. Kando yake ilielea soksi mpya ya Tiffany, rangi ya damu ya mzee, moja, imetulia, kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. Miaka thelathini nilikagua ubao kwa jicho moja nikajua umepinda kwa upana wa unywele. Siku ya kufua koti la kazi ya mwanamke nililitegemea jicho la kisogoni.

Nikaliopoa kwa mti, nikaanza kwenda kwenye kamba. Ruqiyo akanizuia njia.

"Usianike! Rangi ikikauka na jua hapo imeshafunga ndoa, na hiyo ndoa haina talaka. Chemsha maji. Tia jiki ing'arishe. Halafu mkono, mzee. Kijiti hakitoi rangi. Kola, mishono, chini ya kwapa, hayo yote yanataka vidole na macho."

"Ruqiyo, dada yangu, wewe…"

"Ningekufulia. Lakini marobota yangu yanashushwa saa sita, na nisipokuwepo nitaletewa makoti ya baridi ya wazungu." Akaangalia foleni. Kila mwanamke pale alikuwa na mlima wake. "Hata wao wana watoto. Wewe una mikono."

Akaenda. Nikabaki na koti kwenye ncha ya mti likinidondokea viatuni.

Saa saba wafanyakazi wa kiwanda hupewa simu zao kwa nusu saa ya chakula. Nikampigia Mitchelle. Katika miaka sita nilikuwa sijawahi.

"Haloo, Baba? Watoto wako sawa?"

"Watoto wako sawa. Koti ndilo limeugua."

Nikamweleza. Nyuma yake zilisikika sahani, na mtu akicheka mbali.

"Baba," akasema, "ulikuwa unaangalia wapi?"

"Ukutani."

"Kwa nini ukutani?"

"Kwa heshima."

Nikasikia pumzi ndefu, na hadi leo sijui ilikuwa ya kicheko au ya kilio. "Baba, hiyo heshima iweke chini hadi kesho. Angalia koti."

Akakata. Nikauegemeza ule mti ukutani. Nikaleta karai, maji ya moto, jiki na kigoda changu. Sikwenda nyuma ya nyumba. Sikufunga mlango. Kama ningelifua kwa kujificha, lingekuwa kosa kweli, na mimi sikuwa nafanya kosa. Nikakaa katikati ya uwanja, jua la saa saba na robo likinichoma utosi, nikaingiza mikono yote miwili hadi viwikoni.

Sasa niwaambie nilichokiona, maana hapa ndipo wanaponisikiliza huacha kucheka. Kwenye ukingo wa mkono wa kulia palikuwa na alama ya kuungua, ndefu kama kidole, trei ya moto ilipomlamba. Mfuko wa kushoto ulikuwa umeshonwa tena kwa uzi wa buluu kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha. Mbele, usawa wa tumbo, kitambaa kilikuwa kimelika hadi kikawa chepesi kama karatasi ya kufungia nyama, pale anapouegemea mkanda wa mashine saa kumi kwa siku. Ndani ya kola alikuwa ametia herufi ya jina lake kwa kalamu, akaikoleza tena, akaikoleza tena, kila ilipofifia. Miaka sita niliishi na mtu huyu nikidhani namheshimu, na sikuwa najua hata kwamba aliungua.

Nikasugua. Maji ya kwanza yakatoka mekundu, ya pili yakatoka rangi ya chai ya maziwa. Viganja vikaanza kubambuka. Simu nazo zilikuwa zimeshafanya kazi yao. Nzuki alinipiga picha akaiweka kwenye kikundi cha ploti. Kutoka hapo mtu akaipeleka kwenye kikundi cha ukoo, na nawaambia picha ilifika Bungoma kabla povu halijakatika kwenye mikono yangu. Saa tisa na nusu kaka yangu akaingia langoni.

Wanyonyi alifagia mahakama ya Makadara miaka ishirini na minane, na siku aliyostaafu alitoka na imani kwamba yeye ndiye alikuwa hakimu. Hasemi, huhukumu. Alipoona nilichoshika aligeuka akanipa mgongo, akaanza kuhutubia lango.

"Makokha! Unatuvua nguo mbele ya Nairobi nzima."

"Sivui mtu, ndugu yangu. Nafua."

"Baba yetu angekuwa hai…"

"Angekuwa hai angekuwa na miaka mia moja na tisa, naye angetaka kufuliwa."

Foleni ikaangua kicheko. Wanyonyi hakucheka, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya chini, sauti ya nyumbani, iliyonifundisha kuogelea mtoni. Ilinichoma kuliko jiki.

"Mdogo wangu, weka hiyo nguo chini. Desemba tunakwenda kupokea wakwe wa binti yangu, na wewe ndiye msemaji wa ukoo. Nani atakusikiliza na mikono hiyo? Weka chini, twende ndani, tunywe chai, nitawaambia wazee ilikuwa mzaha. Wewe wanajua ni mtu wa mzaha."

Alinipa mlango, na ulikuwa mpana. Maisha yangu yote nimetoka kwenye matatizo kupitia mlango huo. Nikalitazama karai. Kola ilikuwa bado na waridi kwenye mishono, na koti lilikuwa limejaa jiki ambayo, isiposuuzwa vizuri mara tatu, ingekula kitambaa palepale tumboni palipokwisha kuliwa. Ukaguzi ulikuwa asubuhi.

"Kaka," nikasema, "mila iliwekwa ili nimheshimu yule mtoto. Akifukuzwa kazi nami nimekaa hapa na mikono mikavu, hiyo heshima ataipika na nini? Si mzaha. Waambie nilikuwa nafua koti la mkaza mwanangu, mchana, kwa mikono, na macho wazi."

Bila kugeuka, akamwambia Nzuki, "Kijana, saa zimefika. Funga maji."

Saa zilikuwa hazijafika, zilibaki dakika tano. Lakini Nzuki huogopa sauti za mahakama, akachukua spana akaja. Ndipo nilipobeba kigoda, nikaburuta karai, nikatupa kigoda pembeni, nikakaa juu ya kile kifuniko kwa makalio yangu ya kuzaliwa. Nzuki alikuwa na spana. Mimi nilikuwa na kilo themanini na tisa na miaka sitini na nane ya ukaidi.

Hapo ndipo mlinikuta mwanzoni: nifunge na mimi. Saa kumi ikafika. Saa kumi na dakika tano. Maji yakaendelea kutoka.

"Wacha mzee asuuze!" mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka kwenye foleni, huku akisogeza ndoo ya tatu aliyokuwa hana matumaini nayo.

"Kaa hapohapo, Baba!" mwingine akaitikia. "Usitikisike! Bado blanketi zangu!"

Sidanganyiki kwamba wote walikuwa upande wa koti. Umati hupenda haki zaidi inapokuja na maji. Lakini wakapokezana kuniletea ndoo nilipokaa, moja, mbili, tatu. Nzuki akatikisa kichwa, akaketi ukingoni mwa mfereji na spana yake, akasema, "Mzee, wewe unanitafutia kufutwa."

"Ukifutwa njoo. Nitakufulia."

Nikasuuza mara tatu. Nikalikamua kwa kulikunja bila kulipinda, ili lisichanike tumboni. Nilipolikung'uta juani lilikuwa jeupe, isipokuwa uzi mmoja wa waridi ndani ya mshono wa kola, mwembamba kama mshipa. Nikainuka. Nzuki akafunga maji saa kumi na dakika thelathini na tano. Nikageuka kumwita Wanyonyi aje anywe chai. Lango lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu.

Jioni Mitchelle alikuja, akalishika koti pindoni, akalileta puani. Akalipeleka kwenye taa, akafunua kola, akauona ule uzi. Akawasha pasi.

Alhamisi ile nilikaa langoni toka asubuhi. Anayefukuzwa kazi hurudi kabla ya saa nne, watu wote wa viwandani wanajua hivyo. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Nikakataa kula, nikamwambia Ruqiyo nimefunga, akaniuliza tangu lini. Saa kumi na mbili na nusu nikaiona miguu yake ikija polepole kandokando ya mtaro, imevimba kama kawaida, na sijawahi kupenda miguu iliyovimba namna ile.

Alisimama mbele yangu. Mtoto wa kupitishia maneno hakuwepo.

"Walifunua kola," akasema.

"Halafu?"

"Wakaenda kwa mwingine."

Akaingia ndani kuwasha jiko.

Desemba walipokea wakwe bila mimi. Nilisikia kwamba msemaji waliyempata alisahau jina la bwana harusi. Kaka yangu hajakanyaga kwangu tangu siku ile, na nikimpigia simu husema yuko mkutanoni. Sina la kumwomba radhi, na huwa nampigia hata hivyo.

Jumatano iliyofuata ile ya koti, niliamka Mitchelle akiwa ameshatoka. Nje ya mlango wa chumba chake palikuwa na kapu, halijafunikwa. Juu koti, chini sare, chini ya sare gauni la manjano ambalo sikuwahi kujua kama analo. Maji yalikuwa yameshaanza kugonga kwenye ndoo za watu. Nikaliinua lile gauni kwa mikono miwili, nikalitazama mbele na nyuma, nikaona pindo limefumuka upande wa kushoto. Nikarudi ndani kutafuta sindano.